Sura ya 7: Kwa Nini Mtelezo wa Maji Hung'olewa Watu Wakiwa Bado Wanaupenda

Bustani ya burudani ya pwani inapotangaza kwamba mtelezo wake wa maji wa miaka mingi utang'olewa, swali la watu huwa lilelile: foleni bado ni ndefu, watoto bado wanapiga mayowe ya furaha, mitambo inanguruma tangu asubuhi hadi jioni, sasa unang'olewa kwa nini? Huko Kericho na Bomet, nchi ya chai ya Kenya, swali kama hilo huulizwa kila kiwanda cha chai kinapoitoa boila ambayo bado inatoa mvuke. Majibu yake yanakaribiana kuliko mtu anavyodhani, ndiyo maana sura hii itakuwa ikirudi kwenye nchi ya chai mara kwa mara, ingawa mitelezo yenyewe iko mbali.

Bustani ya burudani ni eneo lenye mashine za kuwapandisha, kuwazungusha na kuwaporomosha watu kwa malipo. Mtelezo wa maji ni mojawapo ya mashine hizo. Abiria hukaa ndani ya mtumbwi mdogo, maji yakauchukua kwenye mfereji ulioinuliwa juu ya nguzo, kisha ukaporomoka kwenye mteremko mkali na kutua bwawani kwa kishindo. Aina inayojulikana zaidi ni mfereji wa magogo, ambao mitumbwi yake hutengenezwa ifanane na gogo lililochongwa.

## Ulianzia msituni

Umbo la gogo lina asili yake. Katika milima ya California, Marekani, kampuni za mbao za karne ya 19 zilijenga mifereji ya mbao na kuijaza maji ili kuteremsha mbao kutoka milimani hadi uwanda wa chini. Mmojawapo, uliojengwa mwaka 1890 kutoka eneo la Mto Kings hadi mji wa Sanger, ulikuwa na urefu wa takriban kilomita 87. Wafanyakazi wachache wenye ujasiri waliupanda mfereji wa aina hiyo wenyewe, na wazo la kulipisha watu kwa hofu ile halikuwa mbali.

Mwaka 1895 Paul Boyton alifungua bustani huko Coney Island, ufukweni mwa New York, ambako boti ziliteremka kwenye mteremko wa mbao na kuingia kwenye bwawa. Mfereji wa magogo wa kisasa, wenye mitumbwi inayobebwa na maji mwendo mzima, ulikuja baadaye. Wa kwanza ulijengwa na kampuni ya Arrow Development na kufunguliwa Texas mwaka 1963. Miaka minne baadaye mfereji wa magogo ukafunguliwa Blackpool, mji wa pwani ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ndani ya bustani ya Pleasure Beach iliyoanzishwa mwaka 1896.

Blackpool haiko mbali na chai ya Kericho kama ramani inavyoonyesha. Ni mji uliokua kwa likizo za wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire na Manchester. Mji mmoja wa viwanda ulifunga mashine zake wiki nzima, familia zikapanda treni kwenda baharini, na wiki iliyofuata ukawa ni mji mwingine. Huko Manchester ndiko Arthur Brooke alikofungua duka lake la chai mwaka 1869, na kampuni iliyotokana na duka hilo, Brooke Bond, ikaja kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920. Wafanyakazi waliokunywa chai hiyo viwandani ndio waliokwenda Blackpool kupumzika.

## Maji hupandishwa kwanza

Mtambo wenyewe ni rahisi kueleweka kwa mtu aliyewahi kuona umeme wa maji. Karibu na mji wa Bomet, Hospitali ya Tenwek ina mtambo kwenye maporomoko ya Mto Nyangores. Maji yanashuka, yanazungusha mashine, umeme unapatikana. Mtelezo wa maji hufanya kinyume chake: hula umeme ili kuyapandisha maji juu, kisha huyaacha yashuke na watu.

Pampu kubwa huvuta maji kutoka bwawa la chini na kuyasukuma hadi kwenye mfereji wa juu. Maji hutiririka, hubeba mitumbwi, hurudi bwawani, na pampu huyavuta tena. Mitumbwi hupandishwa kileleni kwa mkanda au mnyororo. Kwenye mteremko, kazi hufanywa na uzito wake tu: mtumbwi ukishuka mita 10 za wima bila msuguano wowote ungefika chini ukienda kilomita 50 kwa saa. Bwawa la kutulia ndilo breki. Maji yanayorushwa kando na kuwalowesha abiria ni mwendo wa mtumbwi unaokwisha.

Gharama imejificha kwenye pampu. Kuinua tani moja ya maji mita 10 kila sekunde kunahitaji kilowati 98, kabla ya kuhesabu nguvu inayopotea kwenye mota na mabomba. Pampu hizo haziwezi kuzimwa kila foleni inapopungua, kwa sababu maji yote ya juu hutegemea kusukumwa bila kukoma. Pampu zikizima, mfereji hukauka ndani ya muda mfupi, maji yote hushuka bwawani, na mitumbwi hukalia sakafu mahali popote ilipo. Jambo hilo lina uzito mkubwa, kama itakavyoonekana mbele.

## Kinachouzeesha

Madereva wanaopeleka chai ya Kericho kwenye mnada wa Mombasa wanajua kilivyo chuma cha pwani. Bati lililoezekwa Bomet laweza kukaa miaka mingi likipauka tu, ilhali bati la aina hiyohiyo likiezekwa karibu na ufuo wa Nyali hushika kutu mapema, kwa sababu upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi hushika unyevu, na unyevu wenye chumvi hula chuma haraka. Sasa nguzo za mtelezo wa maji zipate upepo huo kwa nje, na kwa ndani zipate maji yanayorushwa mchana kutwa, yaliyotiwa klorini ili kuua vijidudu. Klorini nayo hula chuma. Na haiwezi kuachwa, kwa kuwa matone madogo yanayoelea hewani yaweza kubeba bakteria wa lejionela, wanaoleta homa kali ya mapafu kwa anayeyavuta.

Kutu inaonekana. Uchovu wa chuma hauonekani. Uchovu wa chuma ni udhaifu unaoingia polepole kwenye chuma kinachobebeshwa mzigo na kuondolewa mara nyingi sana, hata kama kila mzigo ni mdogo. Kila mtumbwi unaopita husukuma nguzo kidogo, kisha huiacha. Baada ya mamilioni ya misukumo, ufa mwembamba kuliko unywele huanza, mara nyingi pembeni mwa mahali palipochomelewa.

Kuutafuta ufa huo ni kazi ya subira. Fundi husugua rangi ya zamani kwenye kiungo mpaka chuma kitupu kionekane, akakisafisha kwa dawa ya kuondoa mafuta na kukiacha kikauke. Kisha hunyunyizia rangi nyekundu nyepesi sana, inayopenya penye upenyo mdogo kabisa. Husubiri dakika kadhaa. Hufuta wekundu wote kwa kitambaa, mpaka chuma kionekane safi, halafu hunyunyizia unga mweupe. Kama hakuna ufa, weupe hubaki mweupe. Kama upo, wekundu uliojificha ndani hunyonywa na unga na kutokeza juu, mstari mmoja mwembamba uliopinda. Mstari huo mmoja waweza kusimamisha mashine nzima.

Kiungo chenye ufa chaweza kukatwa na kuchomelewa upya. Lakini kila matengenezo yana kikomo, na viwanda vya chai vina mfano mzuri wa kikomo hicho. Rola za CTC, yaani mashine inayoponda, kuchana na kukunja majani ya chai, hutolewa kila mara zikanolewe. Kila zinaponolewa hupungua unene kidogo. Fundi hupima kipenyo, na kikishuka chini ya kiwango rola hiyo hainolewi tena, hata ikiwa meno yake ni makali siku hiyo. Chuma cha nguzo hupimwa hivyohivyo: kutu ikisuguliwa mara ya tano au ya sita, kilichobaki ni chembamba kuliko kilichochorwa na mhandisi.

Kuna tatizo jingine lisilohusu chuma. Kampuni zinazotengeneza mashine hizi huzeeka na kufa kabla ya mashine zenyewe. Arrow, iliyojenga mfereji wa magogo wa kwanza, iliuzwa mwaka 1981, ikafilisika, ikafufuka kwa jina jipya, ikafilisika tena mwaka 2001, na mali yake ikanunuliwa na kampuni nyingine mwaka uliofuata. Kampuni inapopita mikono mingi namna hiyo, mwenye mtelezo wa miaka 40 hujikuta anatafuta gia isiyouzwa popote. Hulazimika kuichongesha moja moja, na michoro mara nyingine haipo.

Kwa ufupi, mtelezo wa pwani huliwa na mambo manne kwa pamoja: chumvi kutoka nje, klorini kutoka ndani, uchovu unaojificha kwenye viungo, na kukosekana kwa vipuri. Hakuna hata moja linaloonekana na mtu aliye kwenye foleni.

## Pampu ilipozima Dreamworld

Mtelezo wa Thunder River Rapids katika bustani ya Dreamworld, Gold Coast, pwani ya mashariki ya Australia, ulifunguliwa mwaka 1986. Badala ya mitumbwi ya gogo ulikuwa na maboya makubwa ya duara, kila moja likibeba watu sita. Tarehe 25 Oktoba 2016, ukiwa na umri wa karibu miaka 30, pampu yake moja kati ya mbili ilizima. Ilikuwa mara ya tatu siku hiyo. Mara mbili za mwanzo iliwashwa tena na shughuli zikaendelea.

Pampu ilipozima mara ya tatu, maji yalishuka ghafla na boya moja lisilo na abiria likakwama kwenye reli karibu na mahali pa kuteremkia. Mkanda wa kupandishia uliendelea kwenda. Ulileta boya lingine lenye watu sita, likagonga lile lililokwama na kuinuka. Watu wazima wanne walikufa. Watoto wawili walinusurika.

Ripoti ya uchunguzi wa vifo hivyo, iliyotolewa mwaka 2020, haikuishia kwa pampu. Hapakuwa na kifaa cha kupima kina cha maji ambacho kingeusimamisha mkanda chenyewe maji yaliposhuka. Hapakuwa na kitufe kimoja cha kusimamisha kila kitu. Wahudumu walitakiwa kuangalia mambo mengi kwa wakati mmoja na kutambua hatari kwa macho ndani ya sekunde chache. Mwaka huohuo kampuni iliyokuwa ikiendesha bustani ilitozwa faini ya dola milioni 3.6 za Australia. Mtelezo wenyewe haukufunguliwa tena baada ya ajali, na ukabomolewa.

Kisa hiki ni cha kuhuzunisha, na kinafaa kusomwa polepole na kila anayemiliki mashine ya kubeba watu. Mashine ya zamani haiwi hatari kwa sababu ya kutu tu. Huwa hatari pia kwa kuwa ilibuniwa zama ambazo usalama ulitegemea jicho la mhudumu, na ikaendelea kutumika zama ambazo kipima maji kinachouzima mkanda chenyewe kinapatikana. Pampu inayozima mara mbili kwa siku moja imeshasema linalopaswa kusikilizwa.

## Njia tatu za mwenye bustani

Ripoti ya mkaguzi inapofika mezani, mwenye bustani huwa na njia tatu.

Ya kwanza ni kuukarabati. Pleasure Beach ya Blackpool ilifanya hivyo kwa Valhalla, mtelezo wa maji wa ndani ya jengo uliofunguliwa mwaka 2000 kwa gharama ya pauni milioni 15. Ulisimama baada ya msimu wa 2019 na kufunguliwa tena mwaka 2023 ukiwa na mambo mengi mapya. Njia hii hufaa pale mifupa ya mtelezo, yaani zege na nguzo, ikiwa bado mizima. Nchini Marekani, Disney ilifunga Splash Mountain mwaka 2023 katika bustani zake za Florida na California, ikabadilisha hadithi na mapambo yake, na kuufungua upya kwa jina jingine mwaka 2024 kwenye mifereji ileile.

Njia ya pili ni kuuhamisha. Mashine za chuma kitupu huhamishika, kwa kuwa hufunguliwa bolti kwa bolti. Mtelezo wa maji ni mgumu kuhama, maana nusu yake ni zege lililomwagwa ardhini.

Ya tatu ni kuung'oa, nayo huja hesabu zinapokataa. Upande mmoja kuna umeme wa pampu, dawa za maji, wahudumu, vipuri vya kuchongesha na ukaguzi wa kila mwaka. Upande wa pili kuna tiketi, ambazo katika pwani ya baridi kama ya Uingereza hushuka sana siku za upepo, kwani si wengi wanaotaka kuloa. Kisha kuna ardhi. Mfereji wa magogo hulala juu ya eneo kubwa, na bustani iliyobanwa kati ya barabara na bahari haina pa kupanuka.

Mfereji wa magogo wa Blackpool, uliokuwa umedumu tangu 1967, ulifungwa mwaka 2006. Mwaka huohuo bustani nyingine ya pwani, Pleasureland ya Southport, ilifungwa pia, na mojawapo ya mashine zake ikahamishiwa Blackpool: reli ya kuning'inia ambayo abiria husafiri miguu ikiwa hewani. Mwaka 2007 ilifunguliwa pale ulipokuwa mfereji wa magogo, kwa jina la Infusion, ikitangazwa kuwa ya kwanza duniani ya aina yake kujengwa yote juu ya maji. Bwawa lilibaki. Huo ni uamuzi wa kusifiwa, kwa sababu kulifukia bwawa la zege ni kazi ya gharama, na maji yaliyoachwa yakageuka kuwa kivutio cha mashine mpya.

## Kazi ya kuung'oa

Kubomoa mtelezo si kuleta winchi na kuanza kuvunja. Mpango wake ni ule ambao fundi yeyote wa kiwanda angeutambua, na huanza na umeme. Swichi kuu huzimwa na kutiwa kufuli. Kila fundi hutundika kufuli lake mwenyewe mahali hapo na kubaki na ufunguo mfukoni, ili mtambo usiweze kuwashwa hata mmoja wao akiwa bado ndani ya mfereji.

Maji ndiyo hufuata. Maji yenye klorini hayamwagwi mtoni, kwa sababu huua samaki na wadudu wanaoliwa na samaki. Huachwa kwenye jua mpaka klorini iishe, au hutiwa dawa ya kuiondoa, ndipo yakatolewa kwa kibali. Nchini Kenya jambo hili limo katika kanuni za ubora wa maji, na katika nchi ya chai si la kupuuzwa: Itare, Kiptiget na Kipsonoi huishia Mto Sondu na Ziwa Victoria, na Nyangores huingia Mto Mara.

Baada ya hapo vitu hutoka kwa makundi:

- Mitumbwi. Hii ndiyo watu huipenda, na mingi huuzwa kwa bustani nyingine au kwa wenye kumbukumbu nayo. Ingekuwa vyema kila bustani iuachie mji wake mtumbwi mmoja kwenye jumba la makumbusho.
- Pampu, mota na nyaya. Zina thamani hata zikiwa chakavu, kwa ajili ya shaba iliyomo.
- Nguzo za chuma. Hukatwa kwa moto na kwenda kuyeyushwa, baada ya kuhakikisha rangi ya zamani haina risasi, maana moshi wake ni sumu.
- Mifereji ya faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Haiyeyuki ikatumika tena kama chuma, na vumbi lake huwasha ngozi na kuumiza mapafu, hivyo hukatwa ikiwa imeloweshwa.
- Zege. Huvunjwavunjwa na kutumika kama kokoto.

Bwawa lina hila yake. Karibu na bahari maji ya ardhini yako juu, na bwawa la zege likikauka ghafla laweza kusukumwa kutoka chini, likainuka na kupasuka. Kwa hiyo wavunjaji hutoboa sakafu yake mapema, maji ya chini yapate pa kupenyea, ndipo wakalijaza mchanga na kifusi kwa tabaka zinazoshindiliwa.

## Mitelezo midogo ya bara

Kutoka Kericho hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 700, na hakuna mfereji wa magogo kati ya mashamba ya chai. Lakini mitelezo midogo ya faibaglasi kando ya mabwawa ya kuogelea imeenea katika hoteli za miji mingi ya Kenya, nayo huzeeka kwa namna yake. Nyanda za chai ziko juu, Kericho ikiwa karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na karibu na ikweta. Chumvi haipo. Miale mikali ya jua ipo, na mvua nyingi pia.

Jua hula ngozi ya juu ya faibaglasi, ile rangi laini inayong'aa. Kwanza hupauka, kisha hutoa unga mweupe mkononi, mwishowe nyuzi za kioo hutokeza na kuchoma ngozi za watoto. Hapo bado kuna dawa: husuguliwa na kupakwa ngozi mpya. Ikiachwa, maji hupenya kati ya tabaka na kuzitenganisha.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 huvitaka viwanda vihakikishe boila zake za mvuke zinakaguliwa kila mwaka na mtu aliyeidhinishwa, na mwenye hoteli angefanya vyema kuutendea mtelezo wake vivyo hivyo hata bila kusukumwa. Ukaguzi wa msingi hauhitaji vifaa vingi. Bolti za viungo hukazwa na zilizoshika kutu kubadilishwa. Kidole hupitishwa kwenye kila kiungo, na pale kipande cha chini kinapotokeza juu ya kile cha juu, hata kwa unene wa ukucha, mtelezo hufungwa mpaka vilinganishwe. Kisha faibaglasi hugongwa kwa sarafu, hatua kwa hatua, kutoka juu hadi chini. Palipo pazima hutoa mlio mkavu wenye kulia, na palipotengana hutoa mlio mzito uliofifia. Kipande chenye mlio huo hakipakwi rangi. Hutolewa na kubadilishwa, na vikiwa vingi mtelezo wote hushushwa kabla ya watoto kufunga shule.